Wana wa Kereng'ende Birikani

Sijivuni kwa mengi, ila kereng'ende nawajua. Wale wa manjano wanaoingia makundi kwa makundi mvua za vuli zikikaribia, nimewafuata kutoka mashimo ya mawe ya Mjambere mpaka madimbwi ya Likoni. Daftari langu linasema walitaga wapi na wana wao walitoka lini. Hawataki mto hawa. Wanataka maji ya mvua yaliyotuama, na wana wakue upesi kabla jua halijayakausha.

Vuli iliyopita walitaga nyumbani kwetu Frere Town, kwenye birika la saruji la uani. Birika hilo ni la mavyaa wangu, mama wa mume wangu. Maji yake ni ya udhu, na kila mwezi ukiandama hulimwaga na kulisugua mpaka ling'ae. Safari hii alipoinama na brashi, aliona vidudu vya miguu sita vikitambaa chini.

"Hivi nini?"

"Wana wa kereng'ende, mama. Wanakula viluwiluwi vya mbu. Nipe siku kumi, watatoka wenyewe."

"Na wasipotoka?"

"Nitalisugua mimi, na daftari nitalitia jikoni."

Akakubali, nadhani kwa hamu ya kuliona likiungua. Kwa miaka tisa ya ndoa yangu amekuwa akiliita mchezo wa mtu asiye na kazi.

Siku ya tisa hapakutoka hata mmoja, nami sikula vizuri. Ya kumi, baada ya sala ya alfajiri, nilimkuta amesimama birikani na brashi mkononi. Nikamkimbilia.

"Polepole, utawatisha," akaninong'oneza.

Ukutani, juu kidogo ya maji, magamba yalikuwa yamepasuka mgongoni, na kereng'ende wanajikwamua humo wakiwa laini, mbawa zimekunjamana mithili ya leso iliyokamuliwa. Tulisimama bega kwa bega mpaka mbawa zikanyooka na wa kwanza akaruka juu ya mabati. Nilijiona mrefu kuliko ukuta.

Jirani akachungulia, akauliza mbona mwezi huu birika halijasuguliwa.

"Mkaza mwanangu alisema siku kumi, na ni kumi wallahi," mavyaa wangu akamjibu, mtaa mzima ukasikia. "Wadogo wangalimo. Mimi nafungua mfereji natia udhu hapo, na hapana mtu kuligusa birika hili mpaka yeye aseme."