Sungura wa Fundi Cherehani

Jirani yangu hapa Mwisenge ni fundi cherehani, na huongea kwa sauti ndogo hata akigombana. Vidole vyake vimejaa alama za sindano. Tangu daktari wa mifugo amhasi sungura wake dume, kila asubuhi kabla ya kushona huchukua kitambaa alicholalia dume akampelekea jike aliyetengwa naye, na cha jike akampelekea dume, wasije wakasahauliana harufu. Mume wangu Shija, aliyekulia na ng'ombe kule Guta, alimcheka. "Fundi, sisi ng'ombe tukishahasi tunamrudishaga zizini siku hiyohiyo."

"Huyu bado ana akiba ya mbegu mwilini, shemeji. Akimfikia mwenzake leo, nitalea wajukuu." Akaendelea kushona.

Jana, wiki zake za kusubiri zilipotimia, alikuja nao jikoni kwangu, kila mmoja kwenye kikapu chake, kwa sababu hapa hakuna kati yao aliyepazoea akapaona pake. Akakaa sakafuni, akawafungulia. Jike akamrukia dume, manyoya yakatoka. Fundi akaingiza kiganja katikati yao, akang'atwa, na hakukiondoa. Sungura wakazungukana mpaka wakachoka. Halafu dume akainamisha kichwa, na jike akaanza kumlamba paji la uso, taratibu.

Fundi akapiga vigelegele ambavyo sikujua kama anavyo. Wanawake wa nyumba za jirani wakaja mbio, wakifunga khanga njiani, wakiuliza nani kajifungua.

"Hakuna," akasema akicheka, damu ikimtoka mkononi. "Na hakuna atakayejifungua."