Mizani Isiyosogea na Sufuria ya Watu Saba

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo kimoja cha afya huko Mwala, sikupima mtu yeyote. Afisa Lishe Msimamizi, mwanamume mrefu aliyesema polepole, alinituma nikalete maji kwa mtungi wa lita ishirini.

"Pima mtungi mtupu, kisha uujaze upime tena," aliniagiza. "Lita moja ya maji ni kilo moja. Tofauti isipokuwa ishirini, mgonjwa ni mizani, si mteja."

Nilifanya hivyo kila Jumatatu kwa miaka yote iliyofuata, hata nilipohamishiwa Masinga, na hatimaye hospitali moja mjini Machakos. Msimamizi huyo alinifundisha jambo jingine ambalo sikulishika vizuri kama lile la mtungi. Mtu akijinyima na kufanya mazoezi, na uzito usishuke, tusianze na mdomo wake. Tuanze na chumvi, ambayo hushikilia maji mwilini. Tuulize dawa anazomeza, kwani zipo zinazoongeza uzito. Tupime tezi ya shingo, ambayo ikilegea, mwili huchoma chakula polepole. Tukumbuke kwamba mazoezi hujenga misuli huku mafuta yakipungua, hivyo kiuno hupungua na mizani ikatulia palepale. Na kwamba mwili ulionyimwa kwa muda mrefu hujifunza kutumia kidogo.

"Mdomo uwe wa mwisho," alisema. "Na ukifika hapo, uliza kwa adabu."

Nilikuwa mjini, nimeshakuwa mwandamizi, Mama Mutuku alipoletwa kwangu. Alikuwa mjane kutoka Mwala, mwenye goti lililoliwa na ugonjwa wa viungo. Daktari wa mifupa alikuwa amemwambia kwamba hatampasua goti hilo mpaka apunguze kilo kumi na mbili. Mwenyewe alitaka jambo moja tu: kushuka tena hadi kwenye bustani yake ya mboga kando ya mto, ambayo alikuwa akiitazama kutoka juu kama mali ya jirani.

Miezi mitano alikuja, na miezi mitano mizani ilisoma tisini na nne. Kila mara nilimfanyia mahojiano ya mlo, yaani mteja hutaja kila alichokula tangu jana.

"Jana ulikula nini, mwaitu?" nilimuuliza, kwa jina tunalowaita mama zetu.

"Asubuhi chai, bila sukari vile ulisema. Mchana nikakula ndizi na mboga na akina mama wa kanisa. Basi."

"Na jioni?"

"Jioni sikukula."

"Hukula kabisa?"

"Sasa mwiitu, ningekula na nani?" alisema, akiniita binti.

Nilidhani ananitania. Vipimo vya tezi vilikuwa sawa, dawa zilikuwa sawa, na mtungi wangu wa maji ulikuwa umesema mizani ni nzima. Nikaandika katika faili lake maneno mawili: *Si mkweli.* Daktari aliyasoma, akaliondoa jina lake kwenye orodha ya upasuaji.

Mkuu wa Idara ya Lishe, mama mkali asiyependa maneno mengi, aliniita ofisini.

"Umefika kwake?"

"Hapana."

"Basi hayo umeyaandikaje?"

Nilikwenda kwake Mwala Alhamisi jioni, kwa bodaboda. Nilimkuta jikoni, na mekoni palikuwa na sufuria kubwa iliyojaa muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, yamepikwa na maharagwe. Nilimuuliza kama anatarajia wageni.

"Watoto watano, marehemu, na mimi," alisema. "Hiyo ndiyo kipimo najua. Ya mtu mmoja sijawahi kupika."

Marehemu alikuwa na miaka minne kaburini. Watoto walikuwa Nairobi na Mombasa.

Akanipakulia sahani ya kilima. Kanuni ya idara ilikataza kula kwa mteja.

"Niko kazini, mwaitu," nikamwambia.

Hakunibembeleza. Aliifunika sahani, akaendelea kunisimulia habari za bustani huku amesimama penye meko, akichota kwa mwiko na kutia mdomoni bila kutazama, kama mtu anayefunga leso. Kabla sijaaga, alikuwa amekula kushinda kile kilima cha sahani yangu. Hakuwa amenidanganya. Kwake, kula ni kuketi na mtu. Kile kingine kilikuwa kuokoa chakula kisimwagwe.

Niliyakata maneno yangu katika faili kwa mstari mmoja, kama sheria inavyotaka, ila maneno yaliyokatwa bado husomeka. Daktari alikubali kumrudisha orodhani uzito ukianza kushuka. Mwezi uliofuata nilimpa sufuria ndogo. Aliigeuzageuza, akairudisha mezani.

"Hii ni ya mtu amejua hakuna mwenye atakuja," alisema.

Hakurudi tena kliniki.

Nilistaafu mapema, nikiwa na miaka hamsini na mitatu. Wanangu wawili wako mbali, na baba yao aliondoka zamani. Ninyi mnaoingia kazini sasa mna mizani bora kuliko ile yangu. Mkiisha kuuliza kuhusu chumvi, dawa na tezi, ulizeni pia: ulikula nini ukiwa umesimama? Unapika sufuria ya watu wangapi?

Nasema hivi kwa sababu mwaka huu uzito wangu umegoma, ingawa natembea kila asubuhi na sili wanga jioni. Nikaanza kuandika mlo wangu mwenyewe. Wiki nzima, safu ya jioni ilikuwa tupu. Nikatazama sufuria juu ya jiko, ile ile niliyowapikia wanangu wakiwa shule. Ilikuwa safi. Sikuwa nimeiosha, nilikuwa nimeikomba.

Nilitafuta nambari ya Mama Mutuku. Alinitambua kwa sauti.

"Goti linaendeleaje, mwaitu?"

"Ni lilelile. Na sufuria ni ileile." Kisha akauliza, "Unataka kuja? Unakuja kunipima ama kukula?"

"Kula, mwaitu."

"Basi kuja Alhamisi," alisema. "Ile sahani yako nilikuwa nimeifunika."