Kikohozi cha Baba Mkwe

Nilipoolewa Kawetele, kitu cha kwanza nilichofundishwa hakikuwa kuchuma chai wala kupika ndizi. Nilifundishwa kuacha njia. Kwetu Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe wake usoni, hasemi naye, hakai naye ndani ya nyumba moja, na wakikaribiana njiani ni yeye anayeingia majanini na kugeuza mgongo mpaka mzee apite. Jambo hilo tunaliita kutila. Anayekuja kutoka mbali akituona tunachupa kwenye migomba hudhani tumeona nyoka.

Nami nilitila. Nimezaliwa Masukulu, mama yangu alitila, shangazi zangu walitila, sikuona ajabu. Nilijua kila mgomba wa Kawetele unaoweza kumficha mtu mzima mwenye ndoo kichwani. Tena, nisimsingizie mtu, ilikuwa na utaratibu wake. Baba mkwe wangu alikuwa na kikohozi. Akikaribia kona, au uwanja wa jikoni, alikohoa mara mbili, kavu, bila kuumwa chochote, ili nijue anakuja nijiondoe. Ndivyo afanyavyo mzee mwenye staha. Hamshtukizi mkamwana wake. Basi nilimjua kwa kikohozi, na kwa viatu vyake vya mpira vilivyoachwa mlangoni vikiwa na matope. Uso wake sikuujua. Ningekutana naye Mbeya sokoni ningemuuliza bei ya viazi.

Zilikuwa enzi za ruksa, serikali imefungulia biashara. Mitumba ilikuwa imemwagwa sokoni Tukuyu, wanawake wakichambua magauni huku mvua inawanyeshea. Malori ya watu binafsi yalikuwa yakipanda mpaka vijijini kufuata ndizi, na mume wangu alikuwa ameacha kulalamika kuhusu bei akaanza kupeleka mikungu Mbeya mwenyewe. Kila mtu alikuwa ameruhusiwa kitu. Nikafikiri labda na mimi nimeruhusiwa. Nikaomba nafasi ya chuo cha ualimu, na jina langu likatoka.

Mume wangu alifurahi. Baba yake hakufurahi. Kwa kuwa hakuweza kuniambia mwenyewe, alimtuma mama mkwe, aliyekuja jikoni, akakaa kwenye kigoda, akaanza kumenya ndizi kama vile amekuja kwa ajili hiyo tu.

"Baba yenu anasema uende," akasema. Kiswahili chake kilikuwa na sauti ya nyumbani. "Lakini anasema ng'ombe wake hawakwenda Masukulu kutafuta mwalimu. Siku utakayosimama mbele yake uso wazi, hata siku moja, chuo kimekwisha. Utaludi kwenye chai."

"Ndaga, mama," nikasema. Maana yake asante. Asante ya nini, sijui mpaka leo.

Watu wakisimulia mwaka wao wa kwanza chuoni husimulia uhuru. Mimi nilikuta mchakamchaka alfajiri kwenye mvua ya Tukuyu, ile isiyonyesha kwa hasira wala isiyoacha. Tuliambiwa waliotutangulia walipewa blanketi na sabuni na serikali. Sisi tulipewa orodha: godoro, ndoo, jembe, fyekeo, na sweta kama unapenda uhai wako. Nilijifunza kulala kwenye shuka lenye unyevu. Nilijifunza kuandika ubaoni mstari usiopanda mlima. Nilijifunza pia kwamba watu wa mikoa mikavu huliona jua kama haki yao. Jirani yangu bwenini, binti wa Singida, alilia wiki nzima kwa sababu nguo yake ya ndani haikauki. Nikamwonyesha jinsi ya kuivaa ikiwa mbichi kidogo na kuikausha kwa mwili. Akaacha kulia, tukawa marafiki.

Kwa sababu ya urafiki huo nilimweleza habari za kutila. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Yaani unamkimbia mzee wa watu? Amekufanya nini?"

"Hajanifanya kitu."

"Sasa unamkimbilia nini?"

Nikakasirika. Habari zikaenea, zikamfikia mkufunzi wetu wa elimu, mwanamume wa mbali, mpole, mwenye miwani. Akanisimamisha darasani niwe mfano wa mila zilizopitwa na wakati. Wanachuo wakacheka. Nilisimama pale nikichemka. Sikupenda kukimbia, lakini sikupenda vilevile kuchekwa na watu ambao wote, bila kubakiza hata mmoja, walikuwa wakijificha nyuma ya choo wakimwona mkuu wa chuo. Kila mtu ana wa kumkimbia. Wangu alikuwa na jina la mila, basi.

Kabla hajaniruhusu kukaa, mkufunzi alisema jambo moja ambalo halikuwa la kuchekesha. Alisema mwalimu haachi darasa. Mwanachuo atakayetoka darasani siku ya kukaguliwa amefeli mazoezi ya kufundisha, na aliyefeli mazoezi hatauona mwaka wa pili. Nikakaa, nikapiga hesabu yangu. Nikimkimbia mzee, chuo kinanirudisha nyumbani. Nisipomkimbia, mzee ananirudisha nyumbani. Nikawaomba wasinipange kufundisha shule iliyo karibu na Kawetele.

Wakanipanga Kawetele. Nilimfuata mkufunzi ofisini.

"Mama," aliniambia, maana tuliokuwa na waume tuliitwa hivyo, "unataka tuhamishe shule kwa ajili ya mzee mmoja?"

"Nihamisheni mimi, mwalimu. Shule iacheni."

Akatabasamu, akasema nitamshukuru baadaye. Hakujua, au hakujali, kwamba mwaka ule baba mkwe wangu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya shule.

Nilikuwa nikitembea kutoka chuoni asubuhi, nafundisha darasa la tatu, narudi. Siku za mwanzo mambo yalikwenda. Mzee akija shuleni kuonana na mwalimu mkuu, alikohoa getini. Watoto wa Kinyakyusa hawahitaji kuelezwa kitu. Mmoja alinong'ona, "Mwalimu, babu," nami nikainama nikapita chini ya madirisha mpaka migombani nyuma ya darasa. Watoto waliendelea kunakili kazi ubaoni kimya, kwa ushirikiano wote. Mzee akishaondoka, narudi na umande kwenye sketi, tunaendelea na hesabu za kugawanya.

Kisha akaanza kuja kila siku. Kisha akaanza kukaa kwenye benchi lililokuwa nje ya darasa langu, kipindi kizima, bila kuonana na mwalimu mkuu wala mtu mwingine. Nikichungulia kutoka migombani naona mgongo wa koti lake. Nikisogea, anakohoa. Akikaa muda, anakohoa tena. Na mimi nimesimama matopeni na chaki mkononi, mwalimu wa migomba.

Hapo ndipo nilipoelewa, na hasira ikanipanda. Alikuwa hakohoi tena ili nijifiche. Alikuwa anakohoa ili nitoke. Kile kikohozi nilichokiheshimu tangu nilipoolewa alikuwa amekigeuza fimbo ya kufukuzia kuku.

Nilimsimulia rafiki yangu wa Singida. Safari hii hakucheka.

"Shoga, hiyo si mila tena," alisema. "Huyo ni mtu tu."

Siku ya kukaguliwa nilivaa blauzi nyeupe ya mtumba niliyoipiga pasi mara mbili. Somo lilikuwa Sayansi, kazi za mizizi. Nilikuwa nimeng'oa mche wa mahindi na mche wa maharage ikiwa na udongo wake, nimeitandaza kwenye gazeti mezani. Mkufunzi alikaa dawati la nyuma, magoti yakimgusa kidevu, fomu yake mapajani. Mwalimu mkuu alisimama pembeni yake. Nilianza vizuri. Watoto walikuwa wakinyoosha vidole mpaka wanainuka kwenye madawati.

Nilikuwa nimegeukia ubao nikichora mzizi mkuu, mara darasa likanyamaza. Sikusikia kikohozi. Nilisubiri nikisikie, kwa mazoea tu, chaki imegota ubaoni. Hakikuja. Nikageuka.

Alikuwa mlangoni. Darasa lile lilikuwa na mlango mmoja, na yeye alikuwa amesimama katikati yake, mikono nyuma, kofia kichwani. Ameingia bila kukohoa. Hata kama ningetaka kukimbia, hapakuwa na pa kupita isipokuwa kwapani mwake.

"Endeleeni," alimwambia mkufunzi kwa utaratibu kabisa. "Kamati inakagua."

Mkufunzi akaitikia kwa kichwa, akafurahi kwamba wazazi wanafuatilia elimu. Watoto walikuwa wananitazama mimi. Mtoto mmoja wa mbele aliziba macho kwa viganja, kwa niaba yangu.

Nilimtazama. Nilimtazama usoni waziwazi, bila haraka, kwa kuwa nilikuwa nimeishi uani kwake na sijawahi. Alikuwa na macho ya mume wangu. Kidevuni alikuwa amejikata na wembe asubuhi ile. Alikuwa amenyoa kwa ajili yangu, nikafikiri. Amenyoa aje kunivunja akiwa safi. Hasira yangu ilikuwa imesimama wima.

"Shikamoo, baba," nikasema. "Karibu ndani. Dawati la nyuma lina nafasi. Tunajifunza mizizi."

Sijui alitegemea nini. Labda nipite dirishani. Akafanya kitu ambacho watoto wa darasa lile, ambao sasa wana watoto wao, bado wanakisimulia. Alivua kofia, akajifunika nayo uso, akageuka, akashuka ngazi mbio akielekea kwenye migomba ileile, kwa njia yangu ileile niliyoipitia kila siku.

"Nani atanionyesha mzizi mkuu?" nikauliza darasa. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

Nilifaulu. Mkufunzi hakuelewa lolote lililotokea mbele ya miwani yake. Kwenye fomu aliandika kwamba nipunguze mazungumzo na wageni.

Jumapili mama mkwe alikuja mpaka chuoni, kanga mbili mabegani, akaniita nje ya bweni. Baba amesema nifungashe. Uso wazi, mbele ya watu, tena nimemsemesha. Yeye, mama, alikwisha kunionya.

"Mama," nikamwambia, "alikohoa?"

"Nini?"

"Muulize. Kabla ya kuingia pale, alikohoa au hakukohoa?"

Yeye mwenyewe alikuwa ametila maisha yake yote kwa mzee mwingine, aliyekwisha kufa. Alijua mzee anayemshtukiza mkamwana bila kukohoa anaitwaje na wanawake wakiwa peke yao.

"Sifungashi," nikasema. "Aliyeivunja mila ni aliyeingia kimya. Na hata angekohoa, mama, siku ile nisingetoka. Mwambie yote mawili. Usimfiche hilo la pili."

Ndiyo, nilisema hivyo, na sijutii hata neno. Ilikuwa rahisi kushika lile la kwanza peke yake, nikajificha nyuma ya kosa lake. Sikutaka kushinda kwa sababu mzee alisahau kukohoa. Nilitaka kubaki kwa sababu darasa lilikuwa langu.

Mama mkwe aliporudi Kawetele aliuliza, na darasa zima la tatu likajibu kisimani, sokoni, mlangoni mwa kanisa: hakukohoa. Wanawake walipokutana kwenye chai walikuwa wakiulizana, "Alikohoa?" kisha wanacheka mpaka vikapu vinayumba. Hakuna aliyekuja tena kunitaka nifungashe.

Nilifunga mwaka. Nikarudi likizo, begi kichwani, vitabu mkononi, kwa njia ya katikati ya mashamba ya chai. Kabla ya kona nikasikia kikohozi. Mara mbili, kavu, kama zamani. Miguu yangu, mijinga, ikaanza yenyewe kuelekea majanini.

Nikaizuia. Nikasimama katikati ya njia. Nikashusha begi, nikajisafisha koo, na mimi nikakohoa. Mara mbili.

Kule ng'ambo ya kona nikasikia viatu vya mpira vikitoka njiani, na vichaka vya chai vikichakarika vikimpisha mtu. Nikabeba begi langu, nikapita.