Komeo la Ndani

Mtaani walimwita Fundi Geti, na jina hilo lilimganda kiasi kwamba hata mkewe alipomtafuta kwa majirani aliuliza, "Fundi Geti hajapita hapa?" Kibanda chake cha kuchomelea kilikuwa kando ya barabara, kati ya duka la saruji na kinyozi. Milango ya chuma, nondo za madirisha, vitanda vya bweni, vyote vilipita mikononi mwake. Alikuwa mtu wa maneno mengi na utani mwingi. Mteja akimuuliza geti litadumu muda gani, alijibu, "Hilo litakuona unazeeka, halafu limsubiri mjukuu wako."

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, na huyo alimwita Bosi. Jina lilianza mtoto akiwa mdogo, alipokuwa akija kusimama mbele ya kibanda, mikono kiunoni, na kumwamuru baba yake aende nyumbani kula. Hata alipofika sekondari, akitoka shule alipitia pale, akaketi juu ya kopo la rangi, akaanza kukosoa. "Baba, hapa umeunga kama mtu aliyemwaga uji." Fundi alicheka mpaka akavua miwani.

Kisha mdogo wake fundi akaja kukaa kwao. Kazi ilikuwa imemwishia huko alikokuwa, na kwa kaka yake mtu haulizi kama kuna nafasi. Alitandikiwa sebuleni. Alikuwa mchangamfu, mwepesi kubeba ndoo za maji, na jioni alimsaidia binti hesabu. Bibi, mama yao, kila akija kuwasalimia alisema kitinda mimba wake huyu ndiye aliyerithi roho nzuri ya marehemu baba yao.

Baada ya miezi kadhaa, Bosi akaacha kupitia kibandani. Akawa analala na sare ya shule. Chakula anakichezea tu. Ukimgusa bega anaruka kama aliyeunguzwa. Mama yake alidhani ni mambo ya umri. Fundi alidhani kuna kijana anayemzuzua. Wakamgombeza, huyu asubuhi, yule jioni.

Siku binti aliposema, walikuwa wakikunja nguo zilizoanuliwa, yeye na mama yake. Alishika shati la baba yake mdogo, akaliweka pembeni.

"Mama, hili mimi silikunji."

"Kwa nini?"

Ndipo akamwambia. Alikuwa akitazama zile nguo, na sauti yake haikupanda wala kushuka. Akaeleza mambo ambayo baba yake mdogo alikuwa akimfanyia kila walipobaki wawili nyumbani, na maneno aliyokuwa akimwambia ili anyamaze. Mama alimshika mkono, akauachia mtoto alipouvuta, akatoka.

Alifika kibandani na kandambili za bafuni. "Zima hiyo mashine," alimwambia mumewe, na alipoizima akamsogelea na kumwambia sikioni. Kinyozi wa jirani alisema baadaye kwamba alimwona fundi akiitazama mikono yake, mmoja, kisha wa pili. Halafu akaokota kipande cha nondo na kwenda nyumbani.

Mdogo wake hakuwepo tena. Alishahisi moto unakuja, akabeba begi lake, akakimbilia kwa bibi. Fundi akageuka amfuate huko huko, lakini binti alikuwa amesimama mlangoni.

"Baba, usiende."

"Nipishe, mwanangu."

"Utamuua, na watakufunga. Mimi nitakaa na nani?"

Fundi akaketi pale pale kizingitini, nondo mapajani, akalia. Mkewe anasema hakuwahi kumwona akilia, hata alipofiwa na baba yake.

Wakaenda polisi, wakaenda hospitali. Kila meza waliyosimamishwa, binti aliulizwa yale yale upya, mbele ya watu waliokuwa wakiingia na kutoka. Kufika meza ya mwisho alikuwa akijibu kwa kichwa tu. Muuguzi mmoja aliyeona hali ile aliwachukua pembeni, akawaelekeza kwenye nyumba ndogo nyuma ya hospitali, kwa mama mmoja mshauri. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi na sauti ya kukwaruza, na kazi yake ilikuwa kukaa na watu waliofanyiwa mambo kama yale.

Walipoingia alimtazama binti kwanza. "Karibu. Viti ni hivyo, chagua unachotaka. Mlango tuufunge au tuuache wazi?"

"Anapenda ukiwa umefungwa," fundi akajibu.

"Baba, samahani. Nimemuuliza yeye."

Binti aliutazama mlango. Akasema, "Uwe wazi kidogo." Akaketi kiti cha karibu na mlango. Mshauri akamwambia si lazima aeleze lolote siku hiyo, na akitaka kunyamaza wanyamaze. Kisha akamuuliza kama angependa wazazi wabaki. Binti alisema mama abaki. Fundi akatoka, akakaa kwenye benchi la nje, kofia mkononi, akiwa na aibu ambayo hakujua ameitoa wapi.

Baadaye mshauri alimfuata nje.

"Niambie cha kufanya," fundi alisema. "Mimi ni mtu wa kazi. Niambie nifanye nini, nifanye."

"Usimguse kabla hajakubali. Usimsogelee kwa nyuma. Jikohoze, ajue ni wewe. Usimuulize ilikuwaje. Akitaka kusema atasema, na akisema, wewe msadiki. Na mambo yake usimwamulie. Muulize."

"Hayo tu?"

"Hayo yatakuchosha kuliko chuma, baba."

Fundi alisikia, lakini kusikia na kushika ni vitu viwili. Wiki ile ile, binti akiwa shuleni, alipima dirisha la chumba chake, akakata nondo nene kuliko alizowahi kumwekea tajiri yeyote, akazichomelea, akazipaka rangi. Aliifanya kazi ile kwa moyo wote. Binti aliporudi alisimama katikati ya chumba, begi bado mgongoni.

"Umenifungia ndani, baba."

"Nimezuia watu wasiingie."

"Yeye alikuwa humu humu ndani."

Fundi akaenda kuleta mashine ya kukatia, kisha akakumbuka kelele zake. Akamwambia mkewe amtoe mtoto kidogo, waende hata sokoni. Walipoondoka akazikata nondo zote, moja baada ya nyingine, akaziburuta hadi uani. Waliporudi alijikohoza kwanza, akasimama nje ya chumba.

"Bosi, wewe mwenyewe unataka nini?"

"Komeo," sauti ikasema kutoka ndani. "La ndani. Nifunge mimi, nifungue mimi."

Alilitengeneza mbele yake, uani, na binti akalijaribu mara nyingi kabla hajakubali lifungwe kwenye mlango. Usiku ule, mkewe anasema, mtoto alilala na gauni la kulalia.

Ndugu walikuja siku ya mapumziko, wakajaza sebule: bibi, mjomba wake fundi, na shangazi wawili. Walisema kesi itaaibisha ukoo. Walisema mambo ya ndani yamalizwe ndani. Mjomba akataka binti aitwe, aeleze mbele ya wakubwa, ili na upande wa pili usikilizwe.

"Haitwi," fundi alisema.

"Wewe unamkatalia mjomba wako?" shangazi mmoja akauliza.

"Namheshimu mjomba. Lakini mtoto haitwi."

Bibi akamtazama. "Yule nilimzaa mimi, kama nilivyokuzaa wewe."

"Najua, mama."

"Basi ondoa kesi."

"Kesi ni ya binti. Mimi siwezi kuiondoa."

Bibi akainuka, akajifunga kanga yake vizuri, akatoka bila kuaga. Fundi alimsindikiza mpaka barabarani akiwa hatua chache nyuma yake, na bibi hakugeuka.

Kesi ilitajwa, ikaahirishwa, ikatajwa tena. Mwisho hakimu akasema ushahidi hautoshi. Mtoto alichelewa kusema, na shahidi hakuna. Mshtakiwa akatoka mlango ule ule waliotokea wao. Binti hakulia. Aliomba apelekwe kwa mshauri, akakaa huko mpaka jua likazama, na fundi akangoja kwenye benchi lake.

Alijaribu kuendelea na maisha, naye mtoto alijaribu. Kuna siku Bosi alicheka, na kuna siku hakutoka chumbani. Utani wa fundi ulipungua. Wateja waliozoea maneno yake walipata geti na chenji tu.

Siku moja akiwa anapaka rangi ya kuzuia kutu, alikuja mteja wa kutoka upande wa kwao, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana, fundi. Mungu awape nguvu."

"Kwa lipi tena?"

Yule mtu akasita. "Si mama yako? Amezikwa wiki iliyopita."

Fundi aliweka brashi juu ya kopo. Akamuuliza aliugua nini, kaburi lake liko upande gani, nani alisoma dua. Mteja alijibu kwa shida, macho chini. Hakuna ndugu hata mmoja aliyempigia simu.

Nyumbani alimkuta binti jikoni. Hakutaka kumwambia, lakini uso wake ulishasema.

"Ni kwa sababu yangu," binti alisema alipokwisha kusikia.

"Hapana. Ni kwa sababu ya aliyekufanyia. Bibi alichagua mwenyewe, na mimi nilichagua."

"Unajuta?"

"Mama yangu namlilia. Wewe sikujutii."

Binti alivuta stuli akakaa upande wa pili wa jiko. Hakumgusa, na fundi hakuomba. Chakula kikaungua, hakuna aliyeinuka kukiepua.

Mwaka uliofuata binti aliomba kwenda kuishi kwa mama yake mdogo, mji mwingine, amalizie masomo huko. Alisema nyumba ile anaipenda, lakini kuta zake zinamkumbusha. Mama yake alisihi. Fundi alimuuliza tu kama ana hakika, na aliposema ndiyo, akambebea sanduku hadi kituoni. Pale binti alimpa mkono. Fundi aliupokea kwa ncha za vidole, akauachia upesi, asije akaushika kupita kiasi.

Jumapili binti hupiga simu. Zipo siku anazungumza sana, anasimulia walimu na mtihani, anamuuliza baba yake kama bado anaunga kama uji. Zipo siku anasalimia, kisha ananyamaza, na fundi anasikia vyombo vya mama mdogo vikigongana huko na redio ya mtu kwa mbali. Hamuulizi kuna nini. Anakaa na simu sikioni, mashine imezimwa, mpaka mwenyewe atakapokata.