Kanze na Kuni za Harusi

Kanze alianza kuchanja kuni za harusi katika nyua za Mji wa Kale, Mombasa, muda mfupi baada ya kuhamia Makadara kutoka Ganze. Mumewe, Ngowa, alikuwa mlinzi wa duka la vinyago katika barabara ya Ndia Kuu. Mjini kuchanja kuni ni kazi ya wanaume, lakini siku za harusi uani hujaa wanawake, na Bi Mahfudha, mpishi wa pilau, hakutaka mwanamume apitepite pale na shoka. Kanze alimfaa.

Kuni zilikuwa za mvinje, au za mwarobaini uliokatwa nyumbani kwa mtu. Kanze hakuwa na pupa. Alilisimamisha gogo, akatazama nyufa za kichwani, kisha akapiga palipokwisha kupasuka. Gogo nene alilianzia pembeni, akalipunguza kidogo kidogo mpaka akafika moyoni. Lenye kifundo alilitia kabari ya chuma na kuigongomea kwa nyundo ya chuma.

Kabari hiyo ndiyo iliyomponza. Kichwa chake kilikuwa kimepigwa hata kikachanuka kama uyoga, na kingo zake zilianza kumeguka. Ngowa alimwambia aipeleke kwa fundi wa vyuma ikasagwe kingo hizo. Akasema ataipeleka harusi iliyokuwa mbele ikiisha. Asubuhi ya harusi hiyo, kipande cha chuma kidogo kama punje ya mchele kiliruka kikamwingia jicho la kulia.

Daktari alikitoa. Jicho halikuona tena.

Alipopona alirudi kazini. Akainua shoka kama alivyozoea. Likaangukia kando ya gogo na kuchimba mchanga karibu na kidole chake cha mguu. Akajaribu tena, likapita vile vile. Kwa jicho moja alishindwa kukisia gogo lilikuwa umbali gani.

Bi Mahfudha aliacha kuchagua mchele.

"Kanze, weka chini hilo shoka."

"Nitazoea, Bi Mahfudha."

"Utazoea huna mguu. Kaa, mwanangu."

Akakaa. Kuni za siku ile zilichanjwa na msukuma mkokoteni, na Kanze akafagia vibanzi. Baadaye alikaa nyumbani akiuza mahamri mlangoni, kazi ambayo hakuipenda na hakuificha chuki yake.

Siku moja alikwenda Liwatoni kutafuta mabaki ya mbao za kupikia. Fundi aitwaye Athmani alikuwa akiziba mashua, akishindilia pamba katikati ya mbao kwa tindo na nyundo pana ya mti. Kanze akasimama kumtazama. Nyundo haikuinuka kupita bega, na fundi hakuwa hata akiitazama.

"Huogopi kujigonga?" Kanze akauliza.

"Tindo nimeishika mwenyewe, najua iliko," Athmani akajibu. "Natazama ncha yake tu."

Kanze akamwomba amchongee nyundo kama ile, ya mkwaju, yenye kichwa kipana zaidi.

Tangu hapo harushi shoka. Huliweka kwa mkono juu ya ufa, hulishika mpini, kisha huligonga mgongoni kwa nyundo ya mti kwa mapigo mafupi mpaka gogo lifunguke. Kabari aliipeleka ikasagwa, na sasa huigonga kwa nyundo hiyo hiyo. Usoni huvaa miwani mikubwa ya mafundi wa kusaga vyuma. Mara ya kwanza Bi Mahfudha alipomwona nayo alicheka hadi akashika ukuta, kisha akamuuliza, "Na hii kazi utaimaliza lini?"

"Nitakuwa naja siku moja kabla ya harusi."

"Basi njoo. Lakini yale magogo magumu ya mwarobaini nitampa mtu mwingine."

Kanze alikubali, ingawa ilimuuma. Nyumba mbili za Ndia Kuu zilizotaka kuni upesi hazikumwita tena. Kwa Bi Mahfudha anaendelea, na mahamri ameyaacha.