Beseni la Bure na Jina Langu

Aibu yangu inajulikana Mbumbuni nzima, kwa hivyo heri niisimulie mwenyewe kabla hamjaipata kwa wengine ikiwa imetiwa chumvi. Yalinipata siku ya Alhamisi, saa tisa hivi, nikiwa nimeinama nafua, simu ikalia, nikapangusa mkono kwa leso na kusoma kwenye grupu ya akina mama wa kanisa: "Mumo anakua vizuri, ila sura yake bado inatafuta baba pale nyumbani." Aliyeandika alijiita Mtetezi. Mumo ni msichana wangu, ana miaka minne. Nikaacha nguo kwenye povu ndani ya beseni (hilo beseni mlikumbuke, tutalirudia) nikavaa viatu.

Mtetezi aliingia kwa ile linki tuliyosambaza ovyo wakati wa semina. Namba yake tuliiona, lakini hakuna aliyekuwa ameihifadhi kwenye simu, na picha yake ilikuwa ua. Kwa miezi miwili alikuwa ametuandikia nani anaombea ndoa za wengine na hajaongea na mumewe tangu Krismasi, nani analeta chapati za hoteli akisema amepika mwenyewe. Na niseme ukweli, muda huo wote mimi nilikuwa nikicheka. Nilisoma nimefunika mdomo, halafu naandika "Tumwachie Mungu" na kale kapicha ka mikono ya maombi. Ilikuwa tamu mpaka zamu yangu ikafika.

Alhamisi ndiyo siku ya ushirika wetu, na siku hiyo tulikuwa kwa Mama Syombua. Nilifika wakati wa chai. Mama Mchungaji, ambaye ndiye msimamizi wa grupu, alikuwa ameshaamua. "Namtoa tu, Mama Mumo, tuendelee na neno."

"Ukimtoa atarudi na ua lingine," nikasema. "Tumjue kwanza."

Maana nilikuwa na dawa. Kila mtu hapa anajua ukitaka kumjua mwenye namba unajifanya unamtumia shilingi kumi, na kabla hazijatoka simu inakuonyesha jina lililosajiliwa, halafu unakatiza. Ndivyo tunavyowanasa matapeli, na waume. Sikuwahi kujiuliza hilo jina huwa limetoka wapi.

Mtu mwenye akili angeangalia kwanza peke yake, hata chooni. Mimi nikasimama katikati ya wanawake kumi na wanane, nikasema mwenye madhambi haya yuko hapa hapa na leo atajulikana (nikamkazia macho Mama Syombua, ndiyo, nikiwa na kikombe chake mkononi), halafu ili mtu asiseme nimedanganya, nikaingiza namba na kumpa Mama Mchungaji simu asome kwa sauti.

Akavaa miwani. "Damaris. Nthenya. Kimeu."



"Si hilo ni jina lako?" Mama Syombua akauliza, pole pole, kama anayeongea na mgonjwa.

Nikasema akina Damaris Nthenya ni wengi Ukambani.

"Na Kimeu pia?"

Nikasema simu yangu imeharibika. Wakajaribu kwa simu zingine tatu, na kote nikatokea mimi.

"Kumbe ulikuwa unajitukana ndio tusikushuku," mmoja akasema, na nawaambia hayo yalikuwa na akili kuliko maelezo yangu yote.

Mama Mchungaji akanirudishia simu kwa vidole viwili. "Hebu pumzika kidogo kufundisha watoto wa Jumapili, mwaitu, mama yangu. Mpaka tuelewe." Hilo ndilo lililonikata. Miaka mitano nimefundisha darasa hilo wasiseme uongo, na Mumo ndiye hukaa mbele kabisa.

Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imenipita njiani. Mama mkwe aliniuliza jambo moja tu: "Kitambulisho chako umempa nani?" Nikaapa sijampa mtu. Kisha macho yakaniangukia kwenye beseni.

Mwaka jana nilienda kwetu Kabati, upande wa Kitui, kumwona mama, na sokoni kulikuwa na jamaa chini ya mwavuli anasajili laini, ukisajili unapewa beseni. Laini nilikuwa nayo. Nilichotaka ni beseni. Alinipiga picha nimeshika kitambulisho kando ya uso, akasema mtandao unasumbua, turudie, nikarudia, akasema tena, na mara ya tatu hata nilitabasamu. Niliondoka na laini moja na beseni la buluu, nikijiona mjanja wa soko.

Sasa nikafungua ile menyu ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Zilikuwa nne; kumbe kila picha ya kurudia ilikuwa laini nyingine ya kuuzia watu. Mbili nazijua. Ya tatu ni ya Mtetezi. Ya nne bado sijui inatukana wapi.

Kesho yake nikaenda polisi. Askari akafungua daftari. "Unamlalamikia nani?" Mwenye namba hii. "Anaitwa nani?" Nikamwambia. "Na wewe?" Nikamwambia. Akaweka kalamu chini. "Mama, nikikukamata, nani atabaki kulalamika?" Nikaweka beseni mezani kama ushahidi, akalisukuma nyuma, akasema hawana mahali pa kuliweka. Nikamwambia sitoki hapa, aandike hata nikionekana mjinga, kwani hilo nilishalimaliza jana kwa Mama Syombua.

Uso wangu na kitambulisho changu havitapigwa picha pamoja tena kwa zawadi, hata iwe tanki la maji. Na mwenzangu akitukanwa na mtu aliyejificha nyuma ya ua, sitafunika mdomo. Askari mwishowe aliandika, na nakala iliyogongwa muhuri nimempelekea Mama Mchungaji, nayo inasema hivi:

"Mimi, Damaris Nthenya Kimeu, mkazi wa Mbumbuni, nalalamika kwamba mtu nisiyemjua anatumia laini iliyosajiliwa kwa jina langu bila idhini yangu, na kwa laini hiyo amewatukana wenzangu na mtoto wangu. Naomba laini mbili zisizo zangu zifungwe, na aliyezisajili sokoni Kabati atafutwe. Mlalamikaji: Damaris Nthenya Kimeu. Mshukiwa: hajulikani, kwa sasa anatumia jina la mlalamikaji. Kielelezo: beseni moja la buluu, mlalamikaji amerudi nalo nyumbani."