Televisheni Inayopenda Umeme Dhaifu

Jirani yangu ndiye mtu pekee katika mtaa wetu wa Kolwezi anayefurahi umeme ukidhoofika. Alirudi kutoka Amerika na televisheni pana kama mlango, na hadi leo hajaibandua plastiki ya dukani. Nyuma imeandikwa volti 110, na umeme wetu ni 220, kwa hiyo ukija na nguvu zake zote itaungua. Ukimshauri atafute transfoma, anainua kidole chenye pete na kukujibu kwa sauti ya mhubiri: "Kitu ya Amerika haiombake musaada!" Basi kila jioni husimama mlangoni, mikono nyuma, akiikodolea macho taa ya barazani. Ikiwaka nyeupe, ananuna. Mtaa mzima ukianza kupika kwa maresho, majiko yetu ya umeme, na taa ikageuka nyekundu kama jicho la mlevi, anakimbilia ndani kuwasha.

Siku ya mechi, taa ilikataa kufifia. Mtu huyu, ambaye hajawahi kumpa jirani hata chumvi, akatugawia maharagwe nyumba kwa nyumba, maana hayaivi haraka. "Mama Adolphine, washa resho yote mbili, jaza mayi mpaka juu ya sufuria!" Maresho yakawaka, taa ikawa nyekundu, picha ikatokea, naye akaanza kutusifia vitu vya Amerika sisi tuliojazana dirishani. Mpira ulikuwa unaelekea golini Mama Adolphine alipoita kutoka ng'ambo ya ukuta: "Tata, maharagi imeiva! Tunazima!"

"Ongeza mayi, Mama! Nakuomba, ongeza mayi!"